Kadi ya "mtu mwenye akili unayemjua" kwenye IELTS ya kuongea: tupeane uzoefu

Kibarazani
Wakuu, ile kadi ya "Describe an intelligent person you know" ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, imerudi midomoni mwa watu, na kila anayekutana nayo anakwama palepale, sekunde ya arobaini hivi. Ameshasema ni nani, ameshasema anafanya kazi gani, ameshasema "very intelligent" mara tatu, halafu kimya. Kwa wasioijua: kadi ina vidokezo vinne, yaani huyo mtu ni nani, unamjuaje, anafanya nini, na kwa nini unaona ana akili. Unapewa dakika 1 ya kujiandaa, penseli na karatasi, kisha unaongea dakika 1 hadi 2 bila kuulizwa kitu. Mnaofundisha na mnaosindikiza watu kwenye mitihani hii, shusheni nondo. Watu wanaharibu wapi?

FundiSarufi
"He" na "she". Mengine mtajaza wenyewe.

BintiWaKihesa
😂😂 Shangazi anaanza "she", katikati ya safari anakuwa "he", mwisho tunaambiwa "his husband".

FundiSarufi
Cheka tu, lakini hapo ndipo bendi, yaani alama ya IELTS, inapoyeyuka. Kiswahili hakijawahi kutudai jinsia ya mtu. "Yeye" ni yeye, "amefanya" ni amefanya, awe baba awe mama. Sasa kadi hii inamhusu mtu mmoja dakika mbili nzima, kiwakilishi kinarudi kila sentensi. Kuteleza mara moja na kujisahihisha hakuui mtu. Kuteleza mara nane ni habari nyingine, maana bendi 7 ya sarufi inataka sentensi zisizo na kosa zitokee mara kwa mara. Dawa ya haraka: chagua mwanaume. Ulimi wa Mswahili ukiteleza huwa unatelezea "he".

BintiWaKihesa
Yaani hata kwenye kadi ya mtihani wanawake hatuna akili? Haya.

FundiSarufi
Dada, ni mbinu ya ulimi, siyo sera.

BintiWaKihesa
Mbinu ni kuandika SHE kubwa juu ya karatasi yako kabla hujaandika kingine. Sekunde mbili tu. Karatasi iko mbele yako muda wote unaongea, kwa nini usiitumie?

MwalimuWaJioni
Nakubaliana na dada. Sasa tuje kwenye ile sekunde ya arobaini, maana ndiyo mada.

Watu wanakauka kwa sababu wanapanga sifa badala ya kupanga tukio. Sifa zinaisha haraka: ana akili, ni mwerevu, anaelewa upesi, basi, umemaliza hazina. Tukio moja linakupa sekunde 45 bila jasho. Hesabu ninayowapa wanafunzi ni hii: nani na unamjuaje, sekunde 25. Anafanya nini, sekunde 25. Tukio moja linaloonyesha akili yake, sekunde 45. Kwa nini unaona hiyo ni akili, na imekubadilisha nini, sekunde 25. Hapo uko kwenye dakika mbili na mtahini ndiye atakayekukatisha. Kukatishwa si kosa, ndivyo utaratibu ulivyo.

Karatasini usiandike sentensi. Vipande saba au vinane vya maneno vinatosha. Mfano wa shangazi anayenunua mahindi soko la Kibaigwa, Dodoma:

SHE – aunt – maize, Kibaigwa – since 2012 – no calculator – lumbesa – opened sack – I budget now

Tukio lenyewe: muuzaji kaleta magunia, shangazi kachoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka gunia likiwa limefungwa, sampuli ya juu ni safi. Hakuridhika. Kaomba gunia moja limwagwe chini, katikati kuna mahindi yaliyoliwa na wadudu. Hapo unapata wakati uliopita wa kawaida kusimulia, unapata "had mixed" kwa kilichofanyika kabla, na unapata ile sentensi ya dhahabu: "If she hadn't opened that sack, she would have lost half her capital." Sarufi ya aina tatu ndani ya tukio moja, bila kulazimisha.

Na msiogope neno kama lumbesa. Hakuna Kiingereza chake cha neno moja, na hiyo ni bahati. Ukisema "a sack filled far above its proper weight, so the farmer is paid for one bag and gives away more", umeonyesha unaweza kuzunguka neno usilolijua. Uwezo huo unahesabiwa kwenye msamiati. Anayesema "lumbesa" na kusonga mbele kama vile mtahini amezaliwa Kongwa ndiye anayepoteza.

Kibarazani
Hii ya Kibaigwa naihifadhi.

MwalimuWaJioni
Ihifadhi kama mfano, usiikariri. Mtahini amefunzwa kunusa jibu la kukariri: kasi inapanda ghafla, macho yanaenda darini, maneno makubwa yanatoka yamepangwa foleni. Halafu swali moja dogo la papo kwa papo linaibomoa nyumba yote.

Msafiri254
Huku Kenya tatizo lingine ni alama za shule. Mtu anasema "he got an A plain in KCSE", mtihani wetu wa kumaliza sekondari, na anadhani amemaliza. Mtahini hajui kama A plain ni samaki ama ni ndege.

NgamianiMjini
Na huku "Division One ya pointi saba". Mgeni anasikia saba anadhani ni saba kati ya kumi, kumbe kwetu kidato cha nne saba ndiyo kilele, pointi zikipungua ndiyo sifa. Sema tu "the best possible grade in our national exams", songa.

Ila mimi niongelee maneno, maana kadi hii ni mtego wa maneno. Sisi tuna mwerevu, mjanja, msomi, mwenye hekima, kichwa, kipanga. Mtu anachukua "mjanja" kwa nia njema kabisa, anaitafsiri "cunning". Umemsifu mjomba kwa kumwita laghai. "Tricky" vilevile. "Educated" ni msomi, na msomi anaweza asiwe na akili hata ya kuvuka barabara. "Wise" ni hekima, inampendeza babu, haimpendezi kijana wa miaka 19 wa kompyuta. "Smart" kwa Waingereza ni mtu aliyevaa vizuri pia, kama tunavyoitumia wenyewe, kwa hiyo iwekee muktadha. "Genius" itunze, ukiisema mara nne imekuwa chumvi.

Vinavyokaa vizuri: "quick to learn", "resourceful" kwa yule anayetengeneza kitu bila vifaa, "level-headed" kwa anayefikiri wengine wakipaniki, "well-read", "she picks things up quickly". Vitano vinatosha, kila kimoja kifuatwe na ushahidi wake.

Na jamani, "she is very intelligence". Hapana. "Intelligence" ni akili, "intelligent" ni mwenye akili.

FundiSarufi
Ongeza "she learned me". Kufunza na kujifunza kwetu ni mzizi mmoja, kwao ni vitenzi viwili. "She taught me."

Na hili limekaa kwenye kidokezo cha pili cha kadi, hulikwepi: unamjuaje. Kiswahili tunasema "namjua tangu 2015", wakati uliopo, safi kabisa. Mtu anatoa "I know her since 2015". Kiingereza kinataka "I have known her since 2015". Fanya mazoezi ya sentensi hiyo moja mpaka itoke usingizini.

NesiMbioni
Wanaoomba usajili wa unesi Uingereza wanahitaji 7 kwenye kuongea. Hilo la "since" ndilo linawabakisha 6.5?

MwalimuWaJioni
Peke yake haliwezi. Vigezo ni vinne na vina uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Anayebaki 6.5 mara nyingi ana mchanganyiko wa 6 na 7. Kwenye ufasaha, 6 ni yule yuko tayari kuongea kirefu lakini anapotea njiani, anarudia, anajisahihisha. 7 anaongea kirefu bila kuonekana anabeba mzigo. Jirekodi kwa simu dakika mbili, hesabu mara ulizosema "so" na "very". Utashangaa.

BandariKuu
Suluhisho la haya yote ni kumwongelea Nyerere. Kila mtu anamjua, alikuwa mwalimu, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili akiwa Rais. Kama hiyo si akili ni nini? Habari ziko tele, hukauki.

NgamianiMjini
Kadi inasema "you know". Nyerere amefariki 1999. Nusu ya watahiniwa hawakuwa wamezaliwa.

BandariKuu
Kwani mtahini atauliza cheti cha undugu?

NgamianiMjini
Huulizwi cheti, ila kidokezo cha "unamjuaje" utakijibuje? "I know him from the one-thousand shilling note"?

BintiWaKihesa
😂😂😂 Noti ya buku imeingia IELTS.

MwalimuWaJioni
Hakuna alama za ukweli wa habari, BandariKuu yuko sahihi hapo. Mtahini hapimi kama shangazi yupo kweli. Lakini mtu maarufu anakuvuta kwenye historia ya darasani, tarehe na vyeo, na sauti inakuwa ya kusoma taarifa ya habari. Mtu wa karibu anakupa harufu, mikono, maneno aliyosema.

MzeeWaKona
Sasa niwape upande wa pili wa "mtu wa karibu", maana mnaisifia sana.

Kijana mmoja kwenye mtihani wa majaribio alichagua kaka yake. Kaka alikuwa fundi redio, anasikiliza spika tu anakwambia kapasita gani imekufa. Tukio zuri, msamiati mzuri, "solder", "spare parts", kijana anatiririka. Dakika ya kwanza yote yuko wakati uliopo: "he repairs", "he understands". Akafika kwenye kueleza kwa nini kaka ana akili, akasema "he was", akasimama. Kaka alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Kijana alishika penseli akaitazama. Sekunde kumi na tano za kimya, chozi likadondokea kwenye karatasi ya vidokezo. Mwalimu kwenye majaribio alizima saa. Mtahini wa kweli anaweza kukuonea huruma moyoni, ila kinasa sauti kinaendelea na bendi inatolewa kwa ulichosema.

Kwenye sarufi pia marehemu ni mlima. Unamjua au ulimjua? "I have known him" haifai tena, ni "I knew him all my life". "He repairs" yote inageuka "he used to repair", "he would listen". Anayeweza, ni nafasi ya kuonyesha nyakati. Ambaye kidonda kibichi, aache.

BintiWaKihesa
Mungu amlaze pema huyo fundi. Hapa nimenyamaza.

Kibarazani
Poleni kwa familia.

NesiMbioni
Sasa angefanyaje? Aombe kadi nyingine?

MzeeWaKona
Kadi haibadilishwi. Alikuwa na dakika 1 ya kuchagua mtu mwingine, akaitumia kuandika jina la kaka.

BandariKuu
Ndiyo maana nasema Nyerere. Hakuna anayelia.

NgamianiMjini
Wewe hujawaona wazee wa Butiama.

Msafiri254
Matamshi mbona hamyataji? Mswahili anaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho na kuongeza irabu, neno linatoka "intelijénti". Mkazo uko kwenye "te": in-TE-li-jent, na t ya mwisho haifuatwi na i. Ukilikosea neno la kadi yenyewe utalikosea mara kumi. Pia "she lives in Arusha" isiwe "she leaves in Arusha", utakuwa umemhamisha mtu. Lafudhi ya Kiingereza cha London haihitajiki, msijitese. Kinachotakiwa ni kueleweka.

Kibarazani
Vidokezo viandikwe Kiswahili au Kiingereza?

FundiSarufi
Kiingereza. Ukiandika Kiswahili unajiongezea kazi ya kutafsiri papo hapo.

NgamianiMjini
Kiswahili, kwa yale maneno ya tukio. Unakumbuka picha haraka zaidi.

BintiWaKihesa
Asanteni kwa kutusaidia 😂

MwalimuWaJioni
Msisahau kadi ina mkia. Ukimaliza unaweza kuulizwa swali dogo moja au mawili, mfano kama wengine pia wanamwona hivyo, kisha inakuja Sehemu ya 3 ya mtihani wa kuongea (kadi ni Sehemu ya 2), dakika 4 hadi 5, mada ileile imepanda ngazi: akili ni ya kuzaliwa au ya kujifunza? Shule inapima akili kweli? Kazi gani zinahitaji akili zaidi? Hapa usirudi kwa shangazi. Toa msimamo, sababu, mfano wa jamii, na upande wa pili, sentensi nne au tano.

BandariKuu
Hapo unashusha methali: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

FundiSarufi
"Intelligence is hair." Mtahini anaita daktari.

BandariKuu
Unaitambulisha kwanza: "We have a saying at home that intelligence is like hair: everybody has their own." Halafu unaeleza: watu hutofautiana aina ya akili, si wingi tu. Inaingia kama mkono kwenye glavu.

NgamianiMjini
Mara moja tu leo, BandariKuu, nakuunga mkono. Ila mwambie mtahiniwa aangalie kwanza kama mtahini hana kipara.