Ukoo wa Barabara ya 12: tairi la Idi

*Jumatano*

18:52 Da Zuhura: Asalaam aleikum wanaukoo. Natoka kwa mama sasa hivi, nimeiona baiskeli ya Idi. Tairi la nyuma kipara, nyuzi nje. Mtoto anakwenda nalo Pongwe kila alfajiri na malori ya saruji yale. Tuchange elfu tano tano, Ijumaa anunue.

18:53 Da Zuhura: Mimi nimeshatuma.

19:20 Da Zuhura: Mmesoma watu 11. Naona tiki.

19:24 Hamisi: Dada, neno kipara tulitumie kwa heshima, humu kuna watu wazima

19:24 Mwanaisha: 😂😂 Kaka Hatibu usijitoe

19:31 Kaka Hatibu: Nipo. Changu kimeisha kashata lakini hakijatoboka.

19:33 Da Zuhura: TAIRI jamani. Idi, saizi gani?

20:10 Idi: Shikamooni, ndio narudi kazini. Ni 28. Pale palipochanika nimetia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kila likizunguka narushwa kama nimepanda ngamia.

20:12 Kaka Hatibu: 28 nachukua huku Kariakoo, natuma kwa basi.

20:13 Mwanaisha: Kama lile la mwaka jana?

20:13 Hamisi: 🙊

20:15 Kaka Hatibu: Lile lilikuwa 28. Limeandikwa 28. Fundi wenu hakujua kulivalisha.

20:21 Idi: Mjomba, lile lilikuwa 28 x 1.75, letu 28 x 1½. Yote yanaitwa 28 lakini rimu si moja. Ubavuni kuna namba ndogo. Lako 47-622, letu 40-635. Hiyo ya mwisho ndiyo kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita. Yanapishana milimita 13. Fundi alipinda vijiko viwili vya Bibi na bado halikuingia.

20:26 Mwanaisha: Na hela yetu ikapotelea hapo. Kama dinamo.

20:27 Hamisi: Yalaa. Dinamo.

20:29 Kaka Hatibu: Dinamo niliieleza siku ya arobaini mbele ya watu.

20:30 Mwanaisha: Ulieleza nusu.

20:30 Da Zuhura: TAIRI!!

20:34 Shemeji Omari: Samahani, nilikuwa msikitini. Kwa nini asichukue lenye kashata kubwa kubwa, za baiskeli za milimani? Mvua hizi.

20:41 Idi: Baba mdogo, mpaka Pongwe ni lami tupu. Kashata kubwa kwenye lami zinavuma tu na kuchosha miguu, hazishiki zaidi hata pakilowa. Nataka laini, la mifereji midogo, mpira mnene katikati kwa ajili ya miiba na vigae vya chupa. Halafu fundi anasema la mbele, ambalo bado zima, lirudi nyuma, jipya likae mbele. La nyuma likipasuka unayumba. La mbele unakwenda na meno.

20:43 Da Zuhura: Basi yanunuliwe mawili mapya kabisa. Elfu saba saba.

20:44 Hamisi: Mpaka saa tano tutakuwa tunachangia pikipiki

20:46 Kaka Hatibu: Ingeuzwa ile kuukuu angepata ya mtumba ya Kijapani, tukapumzika. Nilisema tangu siku ile.

21:15 Bibi: 🎤 0:41

21:19 Idi: Bibi kasema niwaandikie mlio kwenye daladala: "Baiskeli ya baba yenu haiuzwi nikiwa hai. Hatibu, dinamo sikuulizi ilipo, nataka kuiona. Tairi linunuliwe hapa hapa Ngamiani, Idi aende na la zamani mkononi, wayapambanishe."

21:20 Da Zuhura: Tumesikia mama.

21:20 Shemeji Omari: Tumesikia mama.

22:04 Kaka Hatibu: Sawa mama.

*Alhamisi*

07:02 Da Zuhura: Waliotuma: mimi, Omari, Hamisi (elfu mbili, bado tano). Mwanaisha? Watu wa Muscat?

07:40 Rukia Muscat: Jamani ujumbe wote huu! Nani anaumwa?

07:41 Hamisi: Tairi

07:41 Rukia Muscat: Maskini. La nani?

07:44 Da Zuhura: Rukia rudi juu usome. Idi, leo umekwendaje?

08:15 Idi: Nimefika. Kile kipande kimehama, mara mbili nimeshuka nikasukuma. Nimepita dukani kwa jirani wa fundi, hajafungua. Nauliza, ni moja au mawili? Maana akiuliza nimjibu.

08:16 Da Zuhura: Mawili.

08:16 Shemeji Omari: Moja kwanza, la mbele si zima?

08:20 Kaka Hatibu: Asinunue kesho. Jumamosi nakuja Tanga, nitakwenda naye mwenyewe.

08:21 Mwanaisha: Utakuja nayo?

08:50 Da Zuhura: Hatibu, tuma elfu saba kwanza.