VS Code haioni Python, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nafundisha vijana wa mtaani kwetu misingi ya kuandika programu kwa laptop za mtumba zenye Windows 10. Python 3.12 (lugha ya programu tunayojifunza) imo, na nikiandika py --version kwenye terminali inajibu vizuri. Ila nikitaka kuendesha faili ndani ya VS Code (programu ya kuandikia kodi), naambiwa hakuna interpreta (programu inayoendesha kodi ya Python) iliyochaguliwa. Nikibonyeza Ctrl+Shift+P nikaingia Python: Select Interpreter, orodha ni tupu.

Jambo jingine: nikiandika python badala ya py, linafunguka duka la Microsoft. Hilo nimelielewa, ni njia ya mkato ya python.exe inayokuja na Windows, na inazimika kwenye mipangilio ya Windows iitwayo App execution aliases. Nimeizima kwenye mashine moja, sasa amri ya python haitambuliki kabisa. Kwa hiyo namshuku PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), maana nimeikagua na folda ya Python haimo.

Nifanye lipi? Niongeze folda kwa mkono, niendeshe upya kisakinishi cha Python na kuchagua Modify, au niandike python.defaultInterpreterPath kwenye settings.json (faili ya mipangilio ya VS Code)? Hii ya mwisho naiona nyepesi, lakini nahofia itanisumbua tukifika kwenye venv, kila mradi ukiwa na Python yake.

Bando ni la kuunga, hivyo kupakua kila kitu upya kwa mashine zote itaniumiza. Vijana hawa wana hamu kweli, sipendi wakwame hapa. Aliyewahi kulitatua anielekeze, tafadhali.