Mrejesho: Maombi ya shule za udaktari Marekani
Habari zenu wakuu. Niliwauliza kama niombe shule za udaktari za Marekani nikiwa bado mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, au nimalize kwanza. Wengi mlisema nisubiri matokeo ya MCAT, mtihani wa kuingia shule za udaktari za huko, ndipo niamue. Nimefuata, na nashukuru sana. Alama zake huanzia 472 hadi 528, na usipojua umesimama wapi ni vigumu kuchagua shule za kuomba.

Kazi kubwa ilikuwa insha. Fomu ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule nyingi za udaktari, inakupa herufi 5,300 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Habari za kupenda udaktari tangu utotoni niliziondoa, nikaandika kuhusu mgonjwa niliyekuwa namlisha nilipojitolea hospitalini. Shughuli unaruhusiwa kuorodhesha hadi 15. Sikuzifikisha, na sioni haja.

Aliyenishauri nijaze pia AACOMAS, fomu kama hiyo ya shule za osteopathia (tawi la udaktari lenye shule zake huko Marekani), Mungu akubariki! Mwaliko wa kwanza wa usaili umetoka huko. Mnaofuata, barua za walimu ziombeni mapema, maana shule nyingi huanza kuita watu kadiri maombi yanavyoingia. Usaili wangu ni wiki ijayo.