Usindikaji wa hempu shambani: leseni moja kwa wote ni haki?

Shamba_Darasa
Habari zenu wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Sisi tunaolima hempu (ile jamii ya bangi isiyolevya) kidogo kidogo hatutaki kuuza mzigo mbichi alafu mwenye kiwanda ndo ale faida yote, tunataka tukamue mbegu wenyewe hapo hapo shambani, tuchambue nyuzi, na zile chenga za ndani ya shina tuwauzie wanaozichanganya na chokaa kujengea kuta. Sasa kila nikisoma kanuni naona mwandishi alikuwa anawaza kitu kimoja tu, ua la mmea. Uzio, kamera, mlinzi, stoo ya kufuli mbili. Mwenye kinu cha kukamua mbegu na anayeloweka maua kwenye spiriti apate CBD (kemikali ya ua isiyolevya) wanawekwaje kapu moja? Mnaonaje, mdogo abanwe kwa lipi na aachiwe lipi?

Kinu_cha_Mkono
Mkuu umegusa penyewe. Mimi nakamua mbegu, na hatari ya mbegu ni uchafu na uvundo. Ndani ya mbegu THC, ile kemikali inayolevya, karibu hakuna, inayoonekana kwenye vipimo ni ule utomvu wa ua uliogandia kwenye ganda wakati wa kupura. Chota konzi ya mbegu ambazo hazijapepetwa uzisugue viganjani, utaona mikono inavyonata. Ulaya wameweka kikomo cha THC miligramu 7.5 kwa kilo ya mafuta na 3 kwa kilo ya mbegu, hiyo naielewa, maana inanilazimisha nipepete vizuri na nipime. Msimu wangu wa kwanza nilijaza viroba mbegu zikiwa na unyevu, siku ya pili naingiza mkono katikati ya kiroba nakuta pamoto kama uji, mafuta yote yalitoka machungu nikamwaga. Siku hizi haziingii stoo mpaka unyevu ushuke asilimia 9 au chini ya hapo. Mkaguzi aliyekuja alizunguka uzio wote, swali la unyevu hakuuliza hata moja, na wanaokula yale mafuta ni watu.

MamaMaabara
Nawaelewa ila kwenye ua msilegeze hata kidogo. Kwanza mmea mbichi umejaa THCA, ikipata joto ndo inageuka THC, kwa hiyo ukisoma karatasi ya maabara usiishie mstari wa THC, chukua THCA zidisha 0.877 alafu jumlisha. Pili, Marekani sheria yao ya 2018 iliweka kikomo asilimia 0.3 kwa uzito mkavu, lakini hicho ni kipimo cha zao. Ukianza kukamua ua hesabu inageuka: zao lenye 0.2 ambalo ni halali kabisa, ukilikoleza mara kumi dumu lako lina asilimia 2, na hujafanya ujanja wowote, ndo kazi yenyewe ilivyo. Sheria isiposema hilo dumu la katikati lishughulikiwe vipi, mkulima anajikuta mhalifu ndani ya banda lake. Na wale wanaotumia gesi ya butane kukamulia ua, jamani, ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kimya kimya inatafuta cheche. Hiyo sio kazi ya banda la shambani, nasimamia hapo.

Mzee_wa_Nyuzi
Upande wa nyuzi kinachoua ni vumbi. Mashine ikianza kuponda mashina banda lote linakuwa jeupe, humuoni mwenzako wa hatua tatu, linaingia mapafuni na likikutana na cheche linawaka. Feni ya kunyonya vumbi kwanza, kamera baadae. Na wanaoloweka mashina kwenye bwawa waulizwe maji yanaenda wapi, yale yakiingia mtoni yanamaliza hewa samaki wanaelea. Anayeyalaza shambani umande ufanye kazi huyo hana shida hiyo.
Ila Shamba_Darasa hapo kwenye "mdogo" tusiende haraka. Ukisema mdogo asamehewe, kesho mkubwa anajigawa vipande kumi kila kipande na jina la mtu wake. Leseni ifuate kazi: mbegu na shina ni kujiandikisha tu na ukaguzi wa usafi na moto, ua ni leseni kamili hata kama una miche ishirini.

Shamba_Darasa
Mzee hapo umenirekebisha, nilikuwa nawaza ukubwa wa shamba tu. Sasa swali limebaki kwenye pumba za kupepetea, zile zina vipande vya ua na hapo ndo wanapotushuku. Mimi naona iwe daftari: kilo zilizoingia, mafuta, mashudu, pumba, na pumba zichanganywe na samadi siku hiyo hiyo mbele ya shahidi. Kinu, wewe zako unazipeleka wapi?

Kinu_cha_Mkono
Kwenye shimo la mboji, nazilowesha kwanza. Daftari ninalo, ila la shahidi sikuwahi kuliwaza, naanza nalo msimu huu.