Mjadala: Muuza dawa ya kipandauso alazimishwe kutaja kilichomo ndani ya chupa?

Wadau, salaam. Hoja hii naomba tuijadili bila kurushiana maneno, maana kila upande una watu wanaougua kweli.

Mgonjwa wa kipandauso sugu akishachoka na hospitali, huenda kwa mganga wa mitishamba, kwenye duka la virutubisho au kwa mpiga hijama. Je, serikali imwache ahangaike mwenyewe, ipige marufuku yote hayo, au iruhusu kwa masharti? Msimamo wangu nautanguliza ili nisionekane nazunguka: iruhusu, lakini isiuzwe chupa wala kifurushi cha unga ambacho hakijaandikwa kilichomo. Na hospitali nazo zijifunze kumuuliza mgonjwa anatumia nini nyumbani, bila kumfokea.

Nimeumwa kipandauso tangu nikiwa sekondari. Asiyekijua hudhani ni kuumwa kichwa tu. Upande mmoja unagonga kwa saa nyingi, mwanga wa dirishani unachoma macho, harufu ya kitunguu kinachokaangwa inakutapisha, redio ya jirani huwezi kuivumilia. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli na mistari ya mwanga inayocheza machoni, na hapo ndipo watu huanza kunong'ona habari za jini. Kitaalamu kinaitwa sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso chenyewe. Yaani nusu ya mwezi. Mtu wa namna hiyo anapoteza kazi, anagombana na mumewe, watoto wanajifunza kunyamaza ndani ya nyumba yao wenyewe.

Sasa tuangalie anavyopokelewa. Zahanati anapimwa malaria. Isipoonekana, anaambiwa ana taifodi. Asipopona anaambiwa apunguze mawazo. Akirudi tena anapewa panadol na kuulizwa kama amepima macho. Miaka inapita hajawahi kusikia mtu aliyevaa koti jeupe akitamka neno kipandauso. Anayelitamka kwanza ni shangazi yake, na shangazi ana dawa. Mfa maji haishi kutapatapa, kwa hiyo sitamlaumu mtu aliyekwenda huko. Na mimi nimekwenda.

Wengi wetu tumepita njia zilezile. Kuna kufungwa kanga kichwani kwa nguvu, kujifukiza majani ya mkaratusi, kupakwa mafuta ya karafuu kwenye paji la uso. Kuna chale za kwenye panda za uso zinazosuguliwa dawa nyeusi. Mkikaa kwenye daladala angalieni wazee, alama zake mtaziona. Pwani kuna kuumika, ambako siku hizi kumerudi kwa jina la hijama na vikombe vya plastiki badala ya pembe. Mijini kuna tiba ya sindano ya Kichina. Kisha kuna ule unga wa kahawia usio na jina, unaouzwa stendi na kwenye makundi ya simu, wenye maelezo kwamba unatibu kipandauso, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na kisukari kwa pamoja.

Siviweki vyote kapu moja, na ninawaomba nanyi msiviweke. Tiba ya sindano imechunguzwa sana. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 22 zenye karibu watu 5,000, yakaona kwamba inapunguza idadi ya mashambulizi, na matokeo yake hayakuwa nyuma ya dawa za kuzuia zinazotolewa hospitalini. Tangawizi nayo si ya kubeza. Mwaka 2014 watafiti wa Iran waliwagawa wagonjwa 100, wengine wakapewa unga wa tangawizi na wengine sumatriptan, dawa ya hospitali ya kukata kipandauso, na baada ya saa mbili nafuu ya makundi hayo ilikaribiana. Ni utafiti mdogo, haumpi mtu ruhusa ya kutupa dawa zake, lakini unatosha kumfanya daktari asicheke anapoambiwa "mimi nakunywa tangawizi".

Upande wa pili upo pia. Kuna mmea wa Ulaya uitwao Petasites. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kiliuweka daraja la juu kabisa katika mwongozo wake wa kuzuia kipandauso. Mwaka 2015 kiliacha kuupendekeza, kwa sababu ya taarifa za madhara kwenye ini. Ni mmea wa asili kabisa, na ulikuwa na faida iliyothibitishwa. Kwa hiyo wanaosema "hii ni miti tu, haina madhara" wanakosea, na wanaosema "hiyo ni miti tu, haina faida" wanakosea vilevile. Ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, ilitoka kwenye kuvu inayoota juu ya nafaka, na kuvu hiyo hiyo iliua watu wengi Ulaya waliokula mkate wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilete mada hii. Kwa kipandauso, chupa isiyo na maelezo ni hatari kwa namna ya pekee, kwa sababu dawa za maumivu zikizidishwa huzalisha maumivu mengine ya kichwa. Mgonjwa akimeza panadol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuingia kwenye maumivu yanayoletwa na dawa yenyewe. Anaumwa kwa sababu anameza, na anameza kwa sababu anaumwa. Tiba yake huanza na kuziacha au kuzipunguza, na wiki za mwanzo za kuacha ni mateso.

Fikirieni mgonjwa huyo. Ameshauriwa kuacha vidonge, ameacha kwa uchungu mkubwa, halafu ananunua "mitishamba" ambayo ndani yake mtu amesaga diclofenac, dawa ya maumivu ya hospitalini. Atapata nafuu siku ileile na kumsifu mganga mtaa mzima. Kumbe hajaacha chochote. Na hili si jambo la kuwaza tu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichouzwa kama cha asili, baada ya vipimo kukuta diclofenac na dexamethasone (dawa kali ya jamii ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kama hayo yametokea kwenye bidhaa yenye boksi na chapa, ule unga wa stendi nani anauchungulia?

Hapa Tanzania sheria tunayo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo, linasajili waganga na dawa. Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili. Kinachokosekana ni mnunuzi kujua kwamba ana haki ya kuuliza "hii imesajiliwa, na ndani kuna nini?", na muuzaji kujua kwamba asipojibu hauzi.

Marufuku ya jumla siiungi mkono. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, hakuna amri ambayo ingewarudisha nyumbani. Mti wa mugariga, uliotengenezewa dawa hiyo, ulijulikana na wanasayansi wakauchunguza. Hatari kubwa waliipata walioacha dawa zao za kila siku wakiamini wamepona. Ukimkataza mtu anafanya kwa siri, na mgonjwa anayeficha ndiye anayepata madhara. Mficha uchi hazai.

Na hospitali wasijione wako salama kwenye mjadala huu. Dawa za kuzuia kipandauso zipo, na si za matajiri peke yao: propranolol na amitriptyline ni za bei nafuu na za miaka mingi. Lakini mgonjwa anapewa bila maelezo. Haambiwi kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo siku ya tano anaziacha. Haulizwi kama ana pumu, wakati mwenye pumu hapaswi kupewa propranolol. Anafika dukani anaambiwa amitriptyline ni "dawa ya vichaa", anaitupa jalalani. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumatriptan kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Nendeni mkaiulizie kwenye duka la dawa la wilayani kwenu, halafu mrudi mtuambie mlichojibiwa.

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa:
Mimi hijama imenisaidia, na sioni haya kusema. Nafanya kila baada ya muda na siku za kichwa zimepungua. Daktari wangu aliponiambia ni mawazo yangu tu, nilimwambia nafuu ni nafuu. Ila nina la kuongeza kuhusu usafi. Nilipoanza niliona mtu mmoja akitumia kiwembe kimoja kwa ndugu wawili. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havijali kwamba hii ni sunna. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, la sivyo inuka uondoke.

Muuguzi, wodi ya wazazi:
Naomba niongeze jambo moja ambalo mleta mada hakuligusa, nalo kwangu ni zito kuliko lebo. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 akiumwa kichwa kikali, anaona ukungu machoni, uso na mikono imevimba, hicho si kipandauso mpaka presha ipimwe. Tunawapokea wakiwa wameshaanza degedege, ndugu wanasema "alikuwa kwa bibi, kichwa chake cha siku zote". Kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto. Vilevile kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kichwa kinachoambatana na mkono au mguu kulegea, au kinachoanza kwa mara ya kwanza mtu ameshavuka miaka 50: hao wote waje hospitali kwanza. Waganga wakifundishwa dalili hizi chache tu na kuzikubali, mimi sina ugomvi na mitishamba yao.

Mtoto wa mganga, Handeni:
Dada, umeandika vizuri lakini umetuzungusha. Baba yangu anatibu kichwa kwa mizizi aliyoonyeshwa na babu yake. Unataka aandike kilichomo kwenye chupa. Akishaandika, kesho mwenye mashine ya kusaga na boksi zuri ataiuza Kariakoo, na keshokutwa mgeni ataichukua aende nayo kwao. Baba atabaki na nini? Nyinyi mnaita siri, kwetu ni urithi wa ukoo. Na huo unga wenye diclofenac unaousema haukusagwa na mganga wa kijijini. Umesagwa na wafanyabiashara wa mjini wanaojiita waganga. Msituchanganye nao.

Mleta mada:
Muuguzi, shikamoo na ahsante. Ulichoandika nakichukua kama kilivyo. Masharti ninayoyapigania yaanze na hilo: mganga anayetaka cheti aoneshe kwamba anazijua dalili za hatari na kwamba anampeleka mgonjwa hospitali.

Kaka wa Mombasa, nafuu yako siipingi. Tafiti za hijama kwa kipandauso ni ndogo ukilinganisha na za sindano, kwa hiyo sitamshauri mtu aifuate kwa maneno yangu. Ukiweza, weka daftari la siku za kichwa na dawa ulizomeza, ili ujue kama kilichopungua ni maumivu au ni vidonge vilivyokuwa vinayaleta. Watu wengi wanaoanza tiba mbadala huacha panadol wakati huohuo, na hawajui kipi kiliwasaidia.

Kaka wa Handeni, malalamiko yako ni ya haki na sitayapita juujuu. Kweli nimewaweka kwenye sentensi moja watu wasiofanana. Nipendekeze hivi: majina ya miti yaandikwe kwenye chupa, kwa sababu mwenye ini bovu, figo bovu au mimba lazima ayajue, na daktari akimpokea usiku lazima ajue ameingiza nini mwilini. Lakini vipimo, sehemu ya mti inayochukuliwa na namna ya kuchanganya vibaki kwa mzee, vikiwa vimeandikishwa Barazani kwa jina lake na la ukoo wake kabla hajauza. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipime mambo mawili: sumu, na dawa za hospitali zilizofichwa. Mzee asiyechanganya diclofenac hilo la pili litamsafisha yeye kwanza, mbele ya hao wa mjini wanaotumia jina lake.

Mtoto wa mganga, Handeni:
Majina ya miti naweza kumshawishi. Ila kipimo analipa nani? Mzee anauza chupa moja elfu tano, na wengine wanampa kuku. Mkisema alipe yeye, watakaobaki na vyeti ni walewale wenye boksi.

Mleta mada:
Hapo ndipo hoja yangu ilipo na tundu. Kwa maoni yangu kipimo cha kwanza cha mganga wa kijijini kigharamiwe na halmashauri, kama chanjo inavyogharamiwa na serikali, kwa sababu anayelindwa ni mgonjwa. Wenye viwanda wajilipie. Mwenye kujua ada za maabara zilivyo sasa, na utaratibu wa halmashauri yake, aweke hapa tuzipigie hesabu.