Naomba ushauri: jibu langu kuhusu mawimbi ya uvutano lina kasoro

Mwalimu wa Ujiji:
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha fizikia kidato cha sita hapa Kigoma. Mwanafunzi aliniuliza tunaaminije kwamba mashimo meusi mawili (vitu vizito ambavyo hata mwanga hauponyoki kwenye uvutano wake) yaliyoungana, ambayo wimbi lake la uvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, lilinaswa na mitambo ya LIGO nchini Marekani tarehe 14 Septemba 2015, yalikuwa na tungamo la takribani mara 36 na mara 29 ya Jua, ilhali wimbi hilo lilisafiri zaidi ya miaka bilioni moja. Nilimjibu kwamba mawimbi hayo hupenya nyota na vumbi karibu bila kumezwa, hivyo habari hufika kama ilivyotoka. Sasa nimegundua kwamba nilikosea, na jambo hili linaniumiza. Nilisahihishe vipi bila kuwavuruga?

Mzee wa Reli, Tabora:
Mwalimu, nusu ya kwanza ya jibu lako, kwamba mawimbi hupenya bila kumezwa, ibakishe; kasoro ipo kwenye kusema habari hufika kama ilivyotoka. Ulimwengu unatanuka, na wimbi hurefuka pamoja nao, kwa hiyo mitetemo hutufikia ikiwa ya polepole zaidi. Tatizo ni kwamba mashimo mazito nayo hutoa mitetemo ya polepole, yenye umbo lile lile, na mtambo peke yake hauwezi kuzitenganisha sababu hizo mbili. Wimbi la 2015 lilirefuka kwa karibu asilimia 9, na tungamo lililosomwa duniani lilizidi kwa kiasi hicho hicho, likahitaji kupunguzwa. Wakumbushe honi ya treni inayoondoka stesheni: sauti yake huwa nzito, na asiyejua kwamba treni inakwenda atadhani honi yenyewe ndiyo kubwa.

Binti wa Kibirizi:
Shikamoo, Mwalimu. Ili kujua wimbi limerefuka kiasi gani, wataalamu hukadiria umbali kwa kimo cha wimbi, kama sisi tunavyokadiria usiku umbali wa mtumbwi wa dagaa kwa mwanga wa karabai. Lakini kundi la galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, likikaa katikati, uvutano wake hulikuza wimbi mithili ya lenzi. Kimo kikikuzwa mara mbili, chanzo huonekana kipo nusu ya umbali wake, wimbi linadhaniwa kurefuka kidogo tu, marekebisho yanakuwa madogo mno, na mashimo yanahesabiwa kuwa mazito kuliko yalivyo.

Mwalimu wa Ujiji:
Marahaba, binti. Nitaanza na karabai, kwa kuwa wote wanaifahamu. Je, kuna wimbi ambalo kurefuka kwake kulipimwa kwa njia nyingine?

Mzee wa Reli, Tabora:
Lipo, la tarehe 17 Agosti 2017, la nyota mbili za nyutroni, yaani viini vilivyoshindiliwa vya nyota zilizokufa. Mwanga wake ulionekana pia, ikatambulika galaksi ya NGC 4993, takribani miaka ya nuru milioni 130 kutoka hapa, na kurefuka kukasomwa katika mwanga wa galaksi hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuitumia kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ilibidi kwanza waondoe mwendo wa galaksi yenyewe miongoni mwa jirani zake.