Jiwe la almasi la elfu sabini limekuwa kipara ndani ya wiki tatu, muuzaji anasema "litazoea"

Wakuu heshima kwenu. Nimekuja na hasira kwa hiyo mnivumilie nikiandika hovyo hovyo.

Mi ni seremala, vitanda na makabati, niko Keko. Mwezi uliopita nimeingia Kariakoo nikanunua jiwe la kunolea la almasi, yale ya bati la chuma yenye sura mbili, huku namba 400 ya punje kubwa, huku namba 1000 ya punje laini, elfu sabini. Elfu sabini! Mi nimezoea kinoo cha mafuta nilichopewa na mzee aliyenifundisha kazi, kimebonyea katikati kama mtumbwi, nikasema ngoja na mimi niingie mambo ya kisasa, maana la almasi kila mtu anakwambia halibonyei, halitaki kulowekwa, unadondoshea matone ya maji unanoa unafuta unarudi kwenye kazi.

Pale dukani jamaa akanionyesha kwamba ni orijino kwa kuchora kioo. Nami nikaingia kingi. Kioo hata mchanga wa Coco Beach unakichora, msasa wa buku unakichora, hiyo inathibitisha nini sasa?

Siku ya kwanza nimenoa patasi ya nusu inchi. Aisee lilikuwa linakwangua mpaka meno yanasisimka, tope jeusi likatoka chap, nikafurahi. Nafuta patasi naigeuza kwenye mwanga, upande wa 1000 umeacha mikwaruzo mitatu mirefu mizito kama paka kapitisha kucha, na katikati yake mingine midogo midogo. Nikarudia, ileile, kila patasi ikipita kona moja ya jiwe. Maana yake kuna punje kubwa za almasi zimechanganyika na ndogo, mtu hakuchuja vizuri huko kiwandani. Nikampigia muuzaji, akanijibu kwa upole wote, "boss jiwe jipya lazima liwe hivyo, litazoea, we tumia tu."

Na hapa ndo pananiuma, kwa sababu alichosema ni KWELI. Jiwe la almasi likiwa jipya lina punje zilizokaa juu kuliko wenzake na nyingine hazijashikwa vizuri, ukinoa mara kadhaa zinavunjika ncha au zinang'oka, jiwe linatulia na mikwaruzo inafanana. Mtu yeyote anayeyajua haya mawe atakwambia usilihukumu siku ya kwanza. Sasa muuza vitu vibovu akishaishika hiyo sentensi moja kamaliza kazi, we unakaa unangoja jiwe lizoee na siku za kurudisha zinakatika. Risiti imeandikwa siku saba. Saba tu, wakati mwenyewe anajua kulizoesha kunakula zaidi ya hapo kwa fundi anayenoa mara mbili kwa siku.

Nikangoja. Likalainika kweli, nikaanza hadi kumsifia jamaa. Wiki ya tatu nachimba matundu kwenye miguu ya kitanda cha mninga, patasi imekufa makali, naipeleka kwenye jiwe, inateleza. Yaani katikati inateleza kama nanoa kwenye sahani, pembeni bado inashika. Nikaenda kwa fundi saa jirani yangu nikaazima ile lenzi yake anayobana kwenye jicho. Wakuu nilichokiona: pembeni punje zipo, zinametameta kama sukari iliyomwagika kwenye meza, halafu ukisogea katikati ni nikeli tupu inang'aa, ina vishimo vishimo pale punje zilipokuwa, na sehemu moja nikeli yenyewe imebanduka kama rangi ya kucha ya wiki mbili, chini yake chuma kimeshaanza kutu.

Kwa wasioyajua, hivi vitu vinatengenezwa hivi: bati la chuma linamwagiwa punje za almasi, linapitishiwa umeme kwenye maji ya dawa, nikeli inajijenga inazikumbatia zile punje. Tabaka MOJA tu. Kinoo cha maji kikilika kinatoa punje mpya kutoka ndani, hili likishang'oka punje zake ndo basi, umebaki na bati. Kwa hiyo jiwe linalozoea linapoteza zile ncha zilizozidi, mwili wa punje unabaki, ukipitisha ukucha bado unashika. Langu limepoteza punje zenyewe. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na yule jamaa anavijua, msiniambie havijui.

Na asije mtu na utani wa mgodi wa almasi wa Mwadui hapa. Hizi sio za kuchimbwa, ni almasi za kiwandani, watu wanazipika kwa joto na mgandamizo mkubwa tangu miaka ya 1950, wala sio ghali kihivyo. Unacholipia ni kuzichuja saizi moja, kuzishika vizuri na kunyoosha bati, na huko huko ndiko walikobania.

Bati lenyewe nimeliwekea rula ya chuma, nilitakiwa kufanya hivyo pale pale dukani ila ndo hivyo tena. Upande wa 400 risiti yao wenyewe inapita chini ya rula katikati bila kugusa, upande wa 1000 rula inacheza kama bembea. Limepinda! Ndo maana katikati ya 1000 ndiko kumeisha, muda wote patasi ilikuwa inakalia kile kinundu. Kisu cha jikoni hakijali hayo, lakini mgongo wa patasi na bledi ya randa utazinyooshaje kwenye kitu kilichopinda?

Najua mtakuja, "mkuu ulikandamiza." Nakiri, siku mbili tatu za mwanzo nilikandamiza, mkono umezoea kinoo cha mafuta na almasi haitaki nguvu, uzito wa mkono wenyewe unatosha. Ila mkono wa seremala haupindi bati nene vile wala haubandui nikeli kwa vipande. Na feki pia sio, nimekwangua ncha ya biti ya kutobolea zege kwa ule upande wa pembeni ikaliwa vizuri tu, kitu ambacho msasa wa kawaida unaangaika nacho. Almasi ipo, uzembe nao upo.

Jumamosi nimelirudisha. Jamaa hata hakuligusa, kaangalia tarehe ya risiti, "siku saba zimepita kaka." Nikamwambia uliniambia nisubiri. Akageukia mteja mwingine.

Saa hizi nanolea msasa wa maji namba 1000 niliougandisha kwenye kipande cha kioo, na mzee kanicheka mpaka kakohoa, halafu kanisogezea chupa yake ya mafuta bila kusema neno.

Mwenye jiwe la almasi ambalo limevuka mwaka anafanyia kazi kweli, naomba picha. Msinitumie ya boksi, piga katikati ya jiwe, kwa karibu, na rula juu yake.